Daftari Lisishikwe na Mkono Mmoja

Msimu mmoja wa kahawa niliitwa kulinganisha madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la ushirika wa wakulima wa ng'ambo ya ziwa, la pili la depo moja ya hapa Goma iliyonunua kahawa yao. Gunia kwa gunia madaftari yalikubaliana hadi ukurasa wa kumi na moja. Kuanzia hapo yakaachana, na mwisho wa hesabu tofauti ilikuwa dola 1.480. Sikuona dalili ya wizi. Kila karani alikuwa ameandika alichokiona, kwa mwandiko mzuri na kwa wino. Lakini kurasa mbili za daftari la ushirika zilikuwa zimelowa maji ndani ya boti, na katika daftari la depo kulikuwa na mistari mitatu iliyofutwa kwa rangi nyeupe, tarakimu mpya zikaandikwa juu yake. Nilipouliza nani alifuta na lini, hakuna aliyekumbuka. Nilikaa na madaftari hayo siku tatu, nikaondoka nikiwa na hakika ya jambo moja tu: hesabu ilivunjika pale ambapo mzigo ulitoka mkono mmoja kwenda mwingine, na ushahidi wa tendo hilo ukabaki kwa upande mmoja.

Wanasheria wanao utaratibu wa kuzuia jambo kama hilo, nao ni mnyororo wa makabidhiano: orodha ya kila mkono uliopokea kitu, saa ngapi, kikiwa katika hali gani, na ukakipeleka wapi. Polisi wanauhitaji ili kisu kilichookotwa mahali pa uhalifu kikubalike mbele ya hakimu. Katika biashara unahitajika kwa jambo la kila siku, yaani ulipaji wa mwisho, ile hatua ambayo deni linafungwa na hakuna tena anayeweza kusema "bado nakudai" wala "nirudishie". Siku hizi zipo mbinu za kriptografia, yaani elimu ya kulinda maandishi kwa hesabu, za kuulinda mnyororo huo. Neno hilo likitajwa hapa kwetu watu hukumbuka bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, na kelele zake, kisha huacha kusikiliza. Hiyo ni hasara, kwa kuwa sehemu ya elimu hiyo inayotufaa ni ya zamani kuliko bitcoin, haihitaji sarafu yoyote mpya, na inajibu swali ambalo wafanyabiashara wa Birere, mtaa wa biashara wa hapa Goma, hugombania kila mwisho wa juma: daftari liko kwa nani? Msimamo wangu ni kwamba kumbukumbu ya malipo ina thamani pale tu ambapo upande dhaifu unaweza kuithibitisha bila kuomba ruhusa kwa upande wenye nguvu. Mengine yote ya kiufundi nayapima kwa kipimo hicho.

Msingi wa mbinu hizo ni hashi. Hashi ni hesabu inayochukua maandishi ya urefu wowote, mstari mmoja au kitabu kizima, na kutoa alama fupi ya urefu usiobadilika. Ile iitwayo SHA-256, ambayo imeenea sana leo, hutoa alama ambayo kwa kawaida huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha tarakimu moja ya bordero, yaani karatasi ya maelezo ya mzigo, alama yote hugeuka. Na hakuna njia inayojulikana ya kutunga bordero nyingine yenye alama ileile. Herufi 64 zinaingia ndani ya ujumbe mmoja wa SMS, wenye nafasi 160, na bado inabaki nafasi ya kuandika tarehe na namba ya bordero. Jambo hili dogo lina uzito mkubwa katika mji ambao intaneti na umeme hukatika bila taarifa, kwa sababu SMS hufika hata kwenye simu ya vitufe iliyobakiwa na chaji kidogo.

Mwaka 1991 Stuart Haber na Scott Stornetta walieleza namna ya kuziunganisha alama hizo: kila kumbukumbu mpya ibebe ndani yake hashi ya iliyoitangulia, kama magunia yaliyoshonwa kwa uzi mmoja unaopita kutoka hili kwenda lile. Anayetaka kubadilisha ukurasa wa tano atalazimika kufumua wa sita, wa saba, na kuendelea hadi wa leo. Kampuni waliyoianzisha, Surety, ilianza mwaka 1995 kuchapisha kila wiki hashi ya kumbukumbu za wateja wake katika matangazo madogo ya gazeti la The New York Times. Kwangu mimi kitendo hicho kina mafunzo kuliko vitabu vingi vya usalama wa kompyuta. Wenye kampuni hawakuwaambia wateja wawaamini. Waliuweka ushahidi mahali ambapo wao wenyewe hawakuweza tena kuufikia, katika maelfu ya nakala zilizotawanyika majumbani na maktabani.

Hapo ndipo programu nyingi zinazoletwa kuuzwa kwa vyama vyetu vya ushirika zinapopungukiwa. Muuzaji hufungua kompyuta, huonyesha kwamba kila malipo yana hashi yake, na wasikilizaji hutikisa vichwa kwa kuridhika. Ukimuuliza hashi hizo zinahifadhiwa wapi, atakuambia ziko katika hifadhidata ileile yenye malipo, chini ya nywila ileile ya meneja. Basi mwenye nywila hiyo anaweza kubadilisha malipo ya mwezi wa tatu, akaiamuru kompyuta ihesabu upya hashi zote zilizofuata, na baada ya dakika chache mnyororo utaonekana mzima kabisa. Muhuri unaokaa mfukoni mwa anayekaguliwa haumkagui. Alama ya mwisho ya kila siku inapaswa kutoka nje ya nyumba kabla ya usiku: iende kwa upande wa pili wa biashara, na iende pia kwa mtu wa tatu asiye na faida katika ugomvi wao.

Tukio la Benki Kuu ya Bangladesh linaonyesha hatari hii kwa kiwango kikubwa. Februari 2016 wezi walioingia katika kompyuta za benki hiyo walituma maagizo ya kuhamisha karibu dola milioni 951 kutoka akaunti yake iliyoko Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, tawi la New York. Maagizo mengi yalizuiwa, lakini dola milioni 81 zilifika Ufilipino, zikapitia kasino, na sehemu kubwa haikurudi. Kinachonishughulisha hapa ni programu waliyoipandikiza ndani ya mfumo. Kazi yake ilikuwa kufuta kumbukumbu za maagizo yao na kuzuia printa isitoe karatasi za uthibitisho ambazo wafanyakazi walizoea kuzisoma kila asubuhi. Kwa New York maagizo yalikuwa halali, kwa maana yalipita njia halali kwa vitambulisho halali. Kwa Dhaka, makao ya benki yenyewe, hayakuwepo. Ushahidi pekee uliokuwa ndani ya benki ulikuwa mikononi mwa wale walioivamia.

Nirudi kwenye kahawa, kwa sababu ndipo ninapoujua mnyororo huu kwa macho. Gunia la kilo 60 la kahawa iliyo bado na ganda lake, lenye unyevu wa asilimia 14, likikauka hadi asilimia 12 linabaki na kilo 58,6 bila punje hata moja kuibwa. Kwa magunia mia hiyo ni kilo 136. Karani wa ushirika aliyepima kule kijijini hakudanganya, na karani wa depo aliyepima Goma baada ya wiki mbili hakudanganya; wote wawili waliandika uzito na kuacha unyevu. Hakuna hesabu ya kriptografia itakayowapatanisha, kwa kuwa hashi huulinda ukweli ulioandikwa na haiwezi kuulinda ule ulioachwa nje. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia funguo na sahihi, wahusika wakubaliane ni mambo gani yanafanya makabidhiano yawe kamili. Kwa kahawa, mimi hudai uzito, unyevu, daraja la ubora, idadi ya magunia, namba ya mzani, bei iliyokubaliwa au kanuni ya kuipata, na majina ya waliosimama pale. Kanuni ya bei haifai kudharauliwa. Februari 2025 kahawa ya arabika ilipita dola 4 kwa ratili katika soko la New York, na mkataba unaosema tu "bei ya soko" bila kutaja ya siku ipi unafungua mlango wa ugomvi ambao hakuna sahihi itakayoufunga.

Baada ya hapo ndipo sahihi ya kidijitali inapopata kazi. Mwenye sahihi ana funguo mbili zinazoendana: moja ya siri anayotia nayo sahihi, na nyingine ya wazi ambayo yeyote anaweza kuitumia kuhakikisha kwamba sahihi hiyo ilitoka kwa mwenye ule wa siri na kwamba maandishi hayakuguswa. Utaratibu ninaoutetea ni kwamba makabidhiano yatiwe sahihi na pande zote mbili, palepale kwenye mzani, kabla gunia halijainuliwa. Anayetoa atie sahihi juu ya alichotoa, anayepokea atie juu ya maandishi yaleyale, na kila mmoja aondoke na nakala iliyo na sahihi zote mbili. Mahali pengi hapa kwetu anayepokea ndiye anayeandika, na anayetoa hupewa kikaratasi ikiwa karatasi haijaisha. Mama aliyebeba kahawa mgongoni tangu alfajiri hurudi nyumbani na tarakimu kichwani tu. Nakala yenye sahihi mbili ingempa kitu cha kuonyesha, hata kama daftari la depo lingeungua.

Na madaftari huungua. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji na kufunika maduka na ofisi. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlipuko mwingine, wakazi wa mitaa kumi waliamriwa kuhama mji kwa haraka, na kila mtu aliondoka na alichoweza kubeba. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zilifunga milango. Anayepanga kumbukumbu za fedha Goma kana kwamba ofisi yake itakuwa mahali pake mwakani hajauelewa mji anaoufanyia kazi.

Kufungwa kwa benki kumerefusha mnyororo wa fedha zaidi ya ule wa kahawa. Mnunuzi wa ng'ambo hulipa katika akaunti iliyo mji mwingine. Kutoka hapo fedha huja kwa vipande, nyingine kupitia simu, nyingine noti mkononi, nyingine kwa mfanyabiashara mwenye deni huku na akiba kule. Kila kipande kinapita kwa wakala au kambisti, yaani mbadilisha fedha, na kila mmoja anakata komisyo yake. Halafu, mwisho wa njia, mtu anaonyesha picha ya skrini yenye maneno "umetuma dola 500" na kutaka deni lihesabiwe limekwisha. Picha ya skrini si ushahidi wa lolote. Inaweza kutengenezwa, na hata ikiwa ya kweli inasema tu kwamba mtu mmoja alianzisha jambo.

Kumbukumbu nzuri hutenganisha hatua ambazo mdomoni tunazichanganya: kuomba malipo, kuagiza malipo, agizo kukubaliwa, fedha kufika, na malipo kutimia kiasi kwamba hayawezi kurudishwa nyuma. Kila hatua iwe na mstari wake, sahihi yake na saa yake. Nani atie sahihi kwenye hatua ya mwisho? Jibu langu ni anayelipwa, na si mwingine. Alipaye anaweza kuthibitisha kwamba ametuma; ni anayepokea tu anayeweza kusema "imefika, deni limefungwa". Mifumo mingi niliyoiona inamwachia alipaye atangaze mwenyewe kwamba amelipa, na hilo ni kosa la muundo ambalo hata kriptografia bora italipamba tu.

Dunia ilijifunza somo hili kwa gharama. Tarehe 26 Juni 1974 wasimamizi wa Ujerumani waliifunga benki ya Herstatt ya mji wa Köln alasiri. Benki nyingine zilikuwa zimekwisha kuilipa mark za Ujerumani siku hiyo, zikisubiri dola zao New York, ambako kulikuwa bado asubuhi. Dola hazikuja. Mikataba ilikuwepo na maagizo yalikuwepo. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuhakikisha kwamba mguu mmoja wa malipo hautimii bila mwingine. Hofu hiyo ilikaa miaka mingi, na mwaka 2002 ndipo mfumo wa CLS ulipoanza kazi ya kuifunga miguu yote miwili kwa pamoja kwa fedha za kigeni. Depo yetu inayopokea kahawa asubuhi na kuahidi dola "kesho" inaweka ushirika pale walipokuwa wale waliosubiri New York. Mnyororo wa makabidhiano hauondoi hatari hiyo, lakini unaifanya ionekane: mstari wa kahawa una sahihi mbili, mstari wa fedha una moja, na yeyote anayesoma anaona ni nani aliye wazi na kwa kiasi gani. Ushirika ukiona hivyo kila jioni, utajua wakati wa kusimamisha boti inayofuata.

Kuhusu sheria nitasema machache. Kongo ina Sheria namba 18/019 ya tarehe 9 Julai 2018 kuhusu mifumo ya malipo, na tangu tarehe 13 Machi 2023 ina Kanuni ya Dijitali, iliyotolewa kwa amri-sheria namba 23/010, ambayo inatambua maandishi na sahihi za kielektroniki. Kwa hiyo anayesema kwamba kumbukumbu za namna hii hazina nafasi mbele ya sheria yetu anakosea. Udhaifu uko kwingine: mbele ya hakimu itabidi ionyeshwe kwamba ufunguo fulani ulikuwa wa mtu fulani, na hapo ndipo wengi wetu hatuna la kujibu.

Nimeona duka la wakala ambamo watu watatu hutumia namba moja ya siri, iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya kikokotoo. Nimeona ufunguo wa ushirika mzima ukikaa kwenye flashi ya mhasibu, flashi hiyohiyo anayochapishia mialiko ya harusi. Katika hali hiyo sahihi inathibitisha tu kwamba mtu mmoja kati ya wale watatu, au yeyote aliyewahi kuishika ile flashi, alibonyeza kitufe. Kila anayetia sahihi awe na ufunguo wake mwenyewe, ulio katika kifaa chake. Malipo makubwa yahitaji sahihi za watu wawili kati ya watatu, ili kifo, safari au vita visiusimamishe ushirika, na ili mtu mmoja akitishwa kwa bunduki asiweze kuhamisha fedha peke yake. Karani akiacha kazi, ufunguo wake utangazwe siku hiyohiyo kuwa umekoma, na tangazo hilo nalo liingie kwenye mnyororo kama kumbukumbu nyingine yoyote. Sahihi alizotia kabla ya siku hiyo zinabaki halali. Za baadaye hazina nguvu. Ndiyo sababu saa na tarehe haziwezi kuachiwa simu ya yule anayetia sahihi, maana simu hurudishwa nyuma kwa kidole kimoja. Muhuri wa muda utolewe na mtu mwingine, au angalau uthibitishwe na ile SMS iliyopokelewa upande wa pili.

Saa zenyewe zina mtego wake katika nchi yetu. Goma iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Malipo yaliyofanywa Goma dakika thelathini baada ya usiku wa manane, tarehe mosi, Kinshasa yanaandikwa tarehe ya mwisho ya mwezi uliotangulia, na taarifa mbili za mwezi zinatofautiana bila kosa la mtu. Ongeza kwamba karani wa kijijini anaandika "saa mbili asubuhi" akiwa na maana ileile ambayo simu yake inaiandika 8:00. Dawa ni kuandika muda wote kwa saa ya kimataifa, UTC, ambayo iko nyuma ya Goma kwa saa mbili, na kuacha saa za midomo yetu kwa maelezo ya pembeni.

Lipo jambo ambalo wanaouza mifumo hii Ulaya hawalazimiki kulifikiria usiku, nasi tunalazimika. Orodha ya nani amepokea dola ngapi, kijiji gani, siku gani, ni orodha ya nyumba za kuvamiwa. Wanaotaka kuweka kumbukumbu za malipo ya wakulima hadharani kwa jina la uwazi nawaomba wasimame kwanza. Kinachohitaji kutoka nje ni hashi peke yake, na hata hashi tupu haitoshi. Namba za simu za mtandao mmoja si nyingi kwa kompyuta. Mtu anaweza kuzijaribu zote pamoja na viwango vya kawaida vya malipo mpaka alama ifanane, na kwa njia hiyo akajua mlipwaji ni nani. Kinga yake inaitwa chumvi: maandishi marefu ya kubahatisha yanayoongezwa kwenye kila kumbukumbu kabla ya kupiga hashi, na kuhifadhiwa na wahusika wenyewe. Asiye na chumvi hiyo hawezi kujaribu. Siku ya ugomvi, mkulima hufunua kumbukumbu yake moja na chumvi yake mbele ya msuluhishi, na za majirani zake hubaki zimefungwa. Mti wa Merkle, ambao msingi wake Ralph Merkle aliuweka mwaka 1979, huwezesha kuthibitisha kwamba kumbukumbu moja imo ndani ya maelfu bila kuyafungua maelfu hayo.

Je, blokucheni, yaani daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi bila msimamizi mmoja, inahitajika? Kwa kazi hii sioni haja yake. Ilibuniwa kwa watu wasiojuana na wasio na mwamuzi, ilhali ushirika, depo na wakala wanajuana kwa majina na kwa ukoo. Soko la hisa la Australia, ASX, lilijaribu kwa miaka kuujenga upya mfumo wake wa ulipaji kwa teknolojia ya aina hiyo. Novemba 2022 liliusimamisha mradi na kuandika katika vitabu vyake hasara ya karibu dola milioni 250 za Australia. Kama taasisi yenye uwezo huo ilikwama, ushirika wenye kompyuta moja na paneli mbili za jua uanze na mambo mepesi. Daftari la kuongeza tu, lililofungwa kwa hashi, lenye sahihi mbili na nakala tatu, linatosha.

Kuongeza tu kuna maana ya kutofuta. Mhasibu yeyote aliyefunzwa vizuri anajua kwamba kosa husahihishwa kwa mstari mpya unaolitaja lile la zamani, na kriptografia hapa haileti sheria mpya, inaitia nguvu ile ya zamani. Ile rangi nyeupe niliyoikuta ukurasa wa kumi na moja pengine ilifuta kosa la kweli. Pengine karani alikuwa sahihi kabisa. Lakini kwa kufuta badala ya kuongeza alijinyima njia ya kuonyesha hivyo.

Mbinu hizi nazo huzeeka. Hashi ya MD5 ilivunjwa mwaka 2004 na ile ya SHA-1 mwaka 2017, na bado ninakutana na programu zinazozitumia. Agosti 2024 Marekani ilichapisha viwango vya kwanza vya sahihi zinazotarajiwa kuhimili kompyuta za kwanta, kizazi kipya kinachohofiwa kuzivunja sahihi za leo. Kwa kumbukumbu za msimu mmoja hilo halitupi shida leo. Kwa hati za mikopo ya miaka mingi, kumbukumbu za zamani zipigwe hashi upya kwa mbinu mpya kabla ile ya zamani haijavunjika.

Wanaofanya biashara ya madini watasema haya yote walikwisha kuyasikia, kwa kuwa magunia ya koltani hubeba vibandiko vyenye namba tangu zaidi ya miaka kumi, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika juu ya vibandiko vinavyouzwa kando. Wana haki ya kuwa na mashaka. Kibandiko kinauzwa kwa sababu hakimtambui aliyekifunga: mkono wowote unaweza kukifunga kwenye gunia lolote. Sahihi iliyofungwa na uzito, unyevu na jina la mpokeaji haiwezi kuhamishiwa mzigo mwingine. Lakini wawili wakikubaliana kudanganya pamoja kwenye mzani, wataudanganya mfumo wowote, na hapo anahitajika mkaguzi anayetembea kwa miguu hadi kwenye mzani.

Msimu uliofuata, ushirika na depo ile walikubali kujaribu kwa njia nyepesi. Kila jioni makarani wawili waliandika makabidhiano ya siku kwa mpangilio mmoja tuliokubaliana, programu ndogo ya bure ikapiga hashi juu ya maandishi hayo pamoja na alama ya jana, na kila mmoja akamtumia mwenzake SMS, na nakala kwa mhasibu wa ushirika mwingine kule Bukavu. Jioni ya tisa alama hazikufanana. Simu zikaanza, sauti zikapanda, na majina ya msimu uliotangulia yakarudi midomoni. Walisomeana mstari kwa mstari kwa simu. Walipofika gunia la kumi na nne karani wa ushirika alisoma "hamsini na nane, koma, sita", na wa depo akasema kwake kuna nukta. Kompyuta ya depo ilikuwa imewekewa upya programu mchana ule, nayo ikaanza kuandika tarakimu kwa mtindo wa Kiingereza. Waliiweka koma, wakapiga hashi tena, alama zikafanana, na mzigo wa siku ile ukalipwa kabla taa hazijazimwa. Zile dola 1.480 za msimu wa kwanza hadi leo hazijapata mwenyewe.